Shikamoo ya Koti

Mlinzi ndo aliyeanza.

Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Dar, jina siitaji maana bado nina fomu nyingine pale, nimeshika karatasi yangu ya kugongwa muhuri kama wenzangu wote. Siku hiyo nilivaa suti ya kahawia, suruali ya kiuno cha juu yenye malinda mawili mawili, kizibao chake, koti lake, shati jeupe, na kofia ya pama nimeivua nimeishika mkononi kwa sababu tulikuwa chini ya paa. Mlinzi akawa anapita kunyoosha foleni, alipofika kwangu akasimama. "Mheshimiwa, wewe pita huku."

Nikamwambia hapana kaka, mi nipo kwenye foleni. Akacheka kama mtu aliyetaniwa na mkubwa wake. "Pita tu mzee wangu, huku watakuchelewesha bure."

Mama aliyekuwa mbele yangu akageuka. Alikuwa kambeba mjukuu mgongoni, kwa macho tu kanizidi miaka ishirini na ushee. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kola, akasogea pembeni kunipisha, akasema, "Shikamoo baba."

Nina miaka thelathini na nne.

Nikamuwahi, "Shikamoo mama", yeye akadhani hajasikika akarudia ya kwake, na mimi nikarudia ya kwangu, tukawa tunashikamoana pale mpaka watu wakaanza kucheka, alafu mzee mmoja wa nyuma akamalizia kwa sauti, "Mnaona? Wakubwa wa kweli hawana makuu."

Yani kukataa kwangu kukaniongezea cheo.

Nilibaki palepale, zamu yangu ikafika, muhuri ukagongwa, nikaondoka zangu. Ila hiyo kitu haijanitoka wiki zote hizi na kinachonikera sio mlinzi wala yule mama. Ni kwamba wakati naitwa mheshimiwa, kwa sekunde kadhaa, mgongo wangu ulinyooka.

## Pamba zenyewe

Mnaonisoma siku zote mnaujua ugonjwa wangu wa kuvaa nguo za mkato wa zamani kwa hiyo siurudii ulivyoanza. Tupo wachache hapa mjini tunaovaa hivi siku za kawaida, Jumanne ya kwenda kazini, Jumamosi ya kununua dagaa, sio harusini na sio kwa ajili ya kupiga picha. Wengi wetu tunapenda mkato wa miaka ya 30 mpaka 50: suruali pana inayoanzia kitovuni na kushuka wima, koti lenye ukosi mpana, saspenda badala ya mkanda. Sio lazima nguo yenyewe iwe ya enzi hizo. Nyingi zimeshonwa juzi kwa kuigiza, au ni mitumba ya miaka ya 80 na 90 ambayo fundi kaifumua akairekebisha, maana kipindi hicho huko Ulaya na Marekani walirudia mapana na malinda ya zamani, sasa ukitoa yale masponji ya mabegani na ukagusa kidogo kiunoni unapata kitu kinachokaribia kabisa.

Soko la mitumba la Karume bado ndo kwetu, hata baada ya ule moto wa Januari 2022. Ukiwahi siku belo la makoti linafunguliwa, unafanya kazi kwa vidole kabla ya macho. Unabana kitambaa cha kifuani, unakivuta kidogo, ukihisi kuna tabaka jingine linaelea katikati basi humo ndani kuna kanvasi, hilo koti lilitengenezwa likae miaka. Vikiwa vimegandana ujue ni gundi, na siku ukilifua kifua kitatoa mapovu kama chapati. Vifungo vya mkononi kama vinafunguka kweli, mara nyingi kuna mtu alikwenda kushonewa.

Na joto je? Hilo ndo swali la kwanza la kila mtu. Jibu ni kitambaa. Sufu nyepesi iliyofumwa wazi inapitisha upepo kuliko hizo suti za poliesta mnazovaa kwenye kiyoyozi, kitani kinakunjamana lakini kinapumua, na koti lisilo na bitana mgongoni ni rafiki wa mtu wa Pwani. Twidi ni ya Scotland, ya mvua na milima. Kuna jamaa nilimuona kavaa twidi Kariakoo mwezi wa pili, nilimuombea dua.

Mafundi vijana ndo mtihani. Ukimpelekea suruali pana hakuulizi kama akubanie, anauliza akubanie kiasi gani.

Hiyo suti ya kahawia ina habari yake. Nilipofika nayo nyumbani nikageuza mfuko wa ndani nikakuta kitambaa kidogo cheupe kimeshonewa, jina la mteja kwa wino na tarehe, Desemba 1961. Mafundi wa suti wa Uingereza wana desturi hiyo, jina la mwenye koti linawekwa mfukoni lisichanganywe na la mwingine. Jina lenyewe naliacha, ni la familia ya watu. Ila tarehe niliikodolea macho sana. Desemba 1961 hapa kwetu bendera ilikuwa inabadilishwa, na huko kwao jamaa alikuwa anajaribishiwa koti.

Kwa hiyo siku ile kwenye foleni, mimi nilikuwa nasindikizwa na huyo bwana.

## Dereva wa bajaji

Nilimsimulia rafiki yangu, tumuite M, akacheka mpaka akakohoa.

M ni dereva wa bajaji na ndiye anayevaa vizuri kuliko sisi wote. Sio maneno ya kumpamba. Ana jicho la kola ambalo sijawahi kuliona kwa mtu, anajua kulinganisha rangi tatu bila kuongeza ya nne, na anavaa hivyohivyo kazini, kizibao, saspenda, kofia ya kepu ya vipande nane, yuko kwenye kituo chake anasubiri abiria. Kama nguo ndo inampa mtu ukubwa basi M angekuwa mkuu wa wilaya.

"Mimi wananiita bwana harusi," akaniambia. "Trafiki akinisimamisha ananiuliza hizo nguo ni za nani."

Nikanyamaza.

Maana nilikuwa nimeshaanza kujijengea nadharia kwamba koti lina uchawi wake, limeshonwa kumfanya yeyote awe bosi, na mimi ni mpita njia tu niliyeangukiwa na uchawi huo. Kumbe koti peke yake halifanyi kitu. Linasomwa pamoja na vingine. Mimi nina miwani, nina mikono ya mtu wa kompyuta, nilikuwa na bahasha ya kaki, nikaongea na mlinzi kile Kiswahili cha ofisini. Koti likaja kujumlisha hesabu iliyokwishaanza. Kwa M hesabu haijumlishi, tena inageuka, wanatafuta mwenye mali.

Akaniambia na jingine ambalo sikulipenda. "We unapenda kuvaa kama mzee kwa sababu unajua siku yoyote ukitaka unaweza kuvaa tisheti na bado wakakusikiliza. Mimi navaa hivi kwa sababu napenda. Basi."

Nilitaka kubisha ila abiria akaja.

## Nguo ambayo haijafa

Kuna mwanamuziki wa New York anayejiita Dandy Wellington, anaongoza bendi ya jazi na anavaa mkato wa kabla ya vita kila siku ya Mungu, yeye ndo aliyesambaza ule msemo kwamba tunataka mavazi ya zamani, sio tabia za zamani. Jamaa ni mweusi Marekani, akivaa suti ya miaka ya 30 anajua kabisa miaka hiyo mtu mwenye rangi yake alikuwa anapitishwa mlango gani. Ule msemo nimeutumia miaka, nikiulizwa kwa nini navaa kama mkoloni nautoa mfukoni, mjadala unaisha.

Siku hizi sina uhakika kama kwetu unafanya kazi sawasawa.

Fikiria. London akipita kijana na suti ya 1940 na kofia watu wanaona msanii, mtu wa michezo ya kuigiza, labda anakwenda kwenye dansi. Hakuna anayempisha foleni. Kule ile nguo imeshakufa nguvu, matajiri wao wakubwa wanavaa tisheti za kijivu, ndo maana wanaweza kuichezea. Kwetu suti haijafa. Bado ni funguo. Mwombe kazi, nenda benki kuomba mkopo, nenda kwa wakwe, nenda mahakamani, utaambiwa vaa suti na unaelewa kwa nini.

Na sio kwamba hawajajaribu kuiua. Nyerere aliachana na tai akavaa zile suti za mtindo wa Kichina. Kaunda akatuachia koti lisilotaka tai, suruali ya kitambaa hichohicho, likabeba jina lake mpaka leo. Mobutu ndo alivuka mpaka, miaka ya 70 akapiga marufuku suti na tai Zaire nzima akaleta abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na haikupita muda abakosti nayo ikawa vazi la wakubwa. Waliomjibu vizuri ni vijana wa Kinshasa na Brazzaville, Wasapeur, mwanamuziki Papa Wemba akiwa nabii wao, suti za bei mbaya juu ya mtu asiye na kodi ya nyumba. Wale nawaheshimu sana, kwa sababu ukimuona Msapeur na soksi zake za waridi na kiko mdomoni humchanganyi na waziri hata siku moja. Wameichukua suti wakaitia chumvi mpaka haiwezi tena kutoa amri.

Mimi nimefanya kinyume. Nimetafuta kahawia iliyotulia, mkato sahihi, kila kitu kwa kiasi. Kwa hiyo nimetokea waziri.

Kama unadhani nakuza mambo angalia jirani. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku kaunda suti bungeni, mbunge mwanaume aje na koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Na hapo Rais Ruto mwenyewe alikuwa ameigeuza kaunda suti kuwa kama sare yake. Rais anaivaa Ikulu, mbunge akiivaa ndani ya ukumbi anatolewa. Ukisikia nguo inagombaniwa hivyo ujue ipo hai.

Sasa nguo iliyo hai unaivaaje kwa mchezo?

## Mzee wa Ilala

Nilimpelekea swali hilo fundi wangu, mzee mmoja wa Ilala ambaye amekaa kwenye cherehani tangu kabla sijazaliwa. Sikumuuliza hivyo, nilimuuliza kwa kuzunguka, nikamwambia mzee, hivi enzi zenu mlikuwa mnavaa nini, namaanisha nyinyi vijana, sio wakubwa.

Akaweka mkasi chini. Hilo sio jambo dogo.

Akanisimulia suruali za kubana kwanza. Kwamba Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari mosi 1969 vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vikawa haramu, na vijana wa chama wanazunguka kukamata. Haya nilikuwa nayajua kwa kusoma. Ambalo sikulijua ni lake: kwamba yeye na wenzake walianza kuvaa pana kwa woga, alafu pana ikawanogea, ikazidi kupanuka, mpaka ikawa bugaluu, ikawa pekosi, inafagia chini, ndani yake kiatu cha raizoni kinakunyanyua juu kama umepanda kigoda, na nywele afro, na shati lenye kola inayofika begani. Wakubwa wakaikasirikia na hiyo.

"Walisema inabana, tukapanua. Wakasema pana mno," akacheka. "Hawa watu walikuwa wanataka tuvae nini?"

Kitambaa kilikuwa cha hapahapa. Urafiki ya Ubungo ilifunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, viwanda vingine vikafuata mikoani, na fundi wa mtaani ndo alikuwa duka la nguo, unakwenda na picha ya bendi unamwambia nataka kama ya huyu wa gitaa. Alafu ikaja vita ya Uganda na ile njaa ya kila kitu mwanzoni mwa miaka ya 80, kitambaa kikapotea, watu wakapanga foleni ya sabuni, akasema kuna mwaka alikuwa anageuza mashati ya watu tu, kola ikichakaa upande huu anaifumua anaishona upande wa pili. Katikati ya miaka hiyo mitumba ikaruhusiwa tena, kafa ulaya zikamwagika, na fundi akageuka kuwa mpunguzaji.

Hapo alikaa kimya kidogo akalichukua koti langu la kahawia, akaligeuza akapitisha kidole kwenye mishono ya ndani. Akasema huyu aliyeshona alikuwa anajua. Akasema pia, kama vile anaongelea hali ya hewa, kwamba enzi hizo mtu wa kuvaa koti kama hili alikuwa bwana shauri, yaani ofisa wa serikali ya mkoloni, au karani wake, na sisi tukimuona tunavuka barabara.

## Kuvaa pekosi mjini

Nikamwambia anishonee pekosi.

Alidhani natania. Alipoona sitanii akachora kwenye gazeti bila kipimo, goti limebana, kuanzia hapo kitambaa kinafunguka, akachagua mwenyewe kitambaa kizito kidogo ili kianguke vizuri, chepesi kinapepea kinakuwa sketi. Shati nililipata Karume, la rangi ya chungwa, la kweli kabisa la miaka ya 70, kola ile ya masikio ya tembo.

Nikavaa nikaingia mjini.

Nisiwadanganye, niliogopa kuliko siku yoyote ya suti. Suti hata ikikosewa inakukinga. Pekosi haikukingi na kitu. Kondakta wa daladala aliita "Marijani huyo!" kabla sijapanda, akimaanisha Marijani Rajabu, yule mwanamuziki wa dansi wa enzi hizo, gari zima likageuka. Dada mmoja akaniuliza kama kuna tamasha. Mzee wa makamo aliyekaa dirishani akanivuta mkono nikae, akaanza kunihadithia ukumbi aliokuwa anacheza dansi na mkewe, na raizoni yake iliyokatika kisigino katikati ya wimbo wa Morogoro Jazz akamalizia usiku akichechemea. Tukafika Kariakoo akapitiliza kituo chake.

Hakuna aliyenipa shikamoo. Nilizitoa mimi, kwa kila mzee aliyenisimamisha, na walikuwa wengi.

Na kwenye ile ofisi (nilirudi na fomu ya pili, nikavaa makusudi) mlinzi alinipa namba yangu kama watu wote. Hakunitambua. Akaniambia tu, "Bro, hizo suruali utafagia sakafu yetu."

Sasa msije mkadhani nimeokoka, nimeitupa suti ya kahawia. Ipo, naipenda, mkato wake haujabadilika kwa sababu mimi nimepata mawazo. Jumapili nilikuwa nayo. Kitu nilichobadilisha ni kidogo tu: siivai tena mahali penye kaunta. Penye mtu anayeamua nani apite na nani asubiri, nakwenda na kitu kingine. M anasema huo nao ni unafiki, kwamba miwani na bahasha bado ninazo, na inawezekana ana haki, tumeshabishana sana na hatujafika mwisho. Yeye kanishauri nivae suti hiyohiyo ila niendeshe bajaji yake siku nzima. Bado naogopa trafiki.

Mjomba wangu wa Tanga ndo kanishangaza. Yeye maisha yake yote anavaa koti juu ya kanzu, koti la mtumba la sufu, kofia ya kiua, makubazi, na hakuna aliyewahi kumwambia anavaa vinteji, yaani mavazi ya zamani. Nilipomuonyesha picha zangu zote, suti na pekosi, akaziangalia taratibu akaniuliza kwa nini makoti yangu yote nayavalia suruali.

Hilo nitaliandikia siku nyingine maana ni refu.

Kwa sasa mimi na mzee wa Ilala tupo kwenye kaunda suti. Kitambaa kimeshanunuliwa, kijani cha jeshi kilichopauka, na tumekwama kwenye mifuko. Yeye anashikilia kwamba enzi zake ya mtaani ilikuwa na mifuko minne na mkono mfupi, mkono mrefu ulikuwa wa wakubwa. Jirani yake wa kibanda cha pili, naye mzee wa makamo yake, anasema uongo, mifuko mitatu, miwili chini mmoja kifuani, na mikono ilitegemea hela ya kitambaa. Wameshagombana mbele ya wateja. Kwa hiyo wenye picha za studio za baba zenu au babu zenu za kabla ya 1980, za watu wa kawaida, sio za wakuu wa mikoa, naombeni mnitumie, hata kama zimepauka. Uso funikeni mkitaka. Mimi nataka mifuko.